Mone yangu ya franka 1,300 imegeuka pointi: ni feza ama ni ahadi?

Juma lililopita nilinunua vitu vya franka 24,700 katika alimantasio moja ya hapa Bukavu. Nilitoa dola kumi, wakaivunja kwa 2,600, kwa hiyo mone yangu ilikuwa franka 1,300. Binti wa kesi akafungua sanduku, akaangalia, akafunga.

– Papa, mone hakuna. Nikuwekee ndani ya telefone?

Nilifikiri atanitumia kwa M-Pesa ama Airtel Money, nikakubali. Kumbe apana. Aliomba nimero yangu, akaiandika kwenye mashini yake, na kabla sijafika kwenye mulango mesaji ikaingia: duka linanishukuru kwa uaminifu wangu, sasa niko na pointi 1,540.

Nilisimama pale nikapiga hesabu. Kwenye ukuta wameandika kwamba kila franka 1,000 inakupa pointi 10, na pointi moja ni sawa na franka moja. Vitu vyangu vilinipa pointi 240. Hizo ni zawadi, hakuna shida. Lakini zile 1,300 zingine hazikuwa zawadi. Zilikuwa feza zangu. Mashini ilivichanganya vyote viwili ndani ya mufuko mumoja na kuvipa jina moja.

Zamani angalinipa bonbo tatu na kiberiti, nami ningalinung'unika kidogo na kwenda. Kwa nini basi jambo hili limenisumbua zaidi kuliko kiberiti?

Kwanza tuseme ukweli: duka halikuzua shida ya mone. Noti za franka 100 na 200 zimechakaa mpaka wengine wanazikataa. Dola moja yenye kupasuka kidogo kwenye pembe hakuna anayeitaka. Na tangu mabenki yafunge milango Goma na hapa kwetu mwanzoni mwa mwaka 2025, noti safi haziingii tena vile zilikuwa zinaingia. Mwenye duka hawezi kutengeneza noti. Kwa hiyo akikuambia kwamba kuko njia ya kuandika mone yako pahali isipotee, inaonekana ni musaada, na kwa sehemu ni musaada kweli. Ila inafaa tujue kile kinachoandikwa ni nini.

Matabishi yenye kuandikwa

Pointi si kitu kigeni kwetu. Mama wa soko la Kadutu akikupimia gigozi tano za maharagi, anachota tena kiganja kimoja anakiongeza juu. Hayo ni matabishi. Anajua juma lijalo utarudi kwake, si kwa jirani yake. Maduka makubwa ya inchi zingine yalifanya vilevile, ila kwa kuandika. Huko Marekani, tangu mwaka 1896, kulikuwa sosiete iliyouzia maduka vibandiko kama vya posta. Ukinunua unapewa vibandiko, unavibandika ndani ya kitabu, kitabu kikijaa unachukua sufuria ama taa. Huko Uingereza, mwaka 1995, maduka ya Tesco yalileta karte ya plastiki yenye kuhesabu pointi. Leo karte imeingia ndani ya telefone. Hapa kwetu haihitaji hata telefone kubwa ya kisasa: nimero yako ndiyo karte, na mesaji ndiyo resi.

Lakini kuko tofauti moja kubwa kati ya mama wa Kadutu na ile mashini. Kiganja cha maharagi kinaisha palepale. Umekibeba, kiko ndani ya mufuko wako, mama hana deni nawe. Pointi haziishi palepale. Ni matabishi ya kesho, yaani ahadi, na ahadi ya kukupa kitu kesho ni deni.

Hili si neno langu mimi. Wahesabu wa masosiete makubwa duniani wanafuata kanuni inayoitwa IFRS 15, iliyoanza kutumika mwaka 2018. Inasema kwamba mteja akinunua na kupata pointi, duka haliwezi kuhesabu feza yote kuwa pato lake siku ileile. Sehemu fulani inabaki imeandikwa upande wa madeni, mpaka mteja atumie pointi zake ama ionekane hatazitumia tena. Kwa mteja inaitwa zawadi, lakini ndani ya kitabu cha mwenye duka inaitwa deni.

Na deni hilo liko na utamu wake, kwa sababu wadai wengi wanasahau. Mfano unaojulikana sana ni Starbucks, ile sosiete ya Marekani inayouzisha kahawa. Wateja wake wanatia feza mbele ndani ya karte ama ndani ya programu ya telefone, kiisha wanakunywa polepole. Feza hizo zenye kulala zinapita dola bilioni moja na nusu. Ni mukopo ambao sosiete inapata kwa wanywaji wa kahawa bila kulipa faida yoyote. Na kila mwaka, katika miaka hii ya karibu, imeandika kuwa pato lake karibu dola milioni 200 za feza ambazo inaona wenyewe hawatarudi kuzidai. Milioni mia mbili za kusahau!

Duka letu si Starbucks, najua. Lakini hesabu ni ileile. Wateja 500, kila mumoja akiacha franka 1,000 mara moja kwa juma, hiyo ni franka 500,000 kila juma zinazobaki ndani ya duka. Kwa mwenye alimantasio, hiyo ni feza ya kuagiza mizigo.

Nilirudi ndani nikauliza swali moja tu: pointi hizi zinadumu muda gani? Miezi sita, alijibu. Na ile mone yangu? Akaangalia mashini. Miezi sita pia.

Ile tembo ya Nakumatt

Wale wanaosafiri Kigali zamani wanakumbuka Nakumatt, duka lenye alama ya tembo, lililofungua pale UTC mwaka 2008. Wafanyabiashara wa Bukavu na wa Goma walikuwa wanapita pale, wengine kununua, wengine kuangalia tu. Nakumatt ilikuwa ya Kenya, ilianzia Nakuru na biashara ya magodoro, ikapanda mpaka kuwa na maduka zaidi ya 60 katika inchi ine: Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Na ilikuwa na karte yake ya pointi, iliyoitwa Smart Card, watu wengi walikuwa nayo ndani ya pochi.

Hakuna aliyefikiri duka la namna ile linaweza kufa. Lakini mwaka 2017 rafu zilianza kuwa tupu, kwa sababu walioleta mizigo hawakulipwa. Januari 2018 tribinali ya Nairobi iliweka mutu wa kusimamia sosiete badala ya wenyewe. Madeni yalipita shilingi za Kenya bilioni 30. Mwanzoni mwa mwaka 2020 wadai walipiga kura sosiete ifungwe moja kwa moja, na maduka sita ya mwisho yalichukuliwa na mushindani wake, Naivas. Mwaka uleule duka lingine kubwa la Kenya, Tuskys, nalo lilianza kufunga milango moja baada ya ingine.

Sasa tuulize: siku ya kugawana kile kilichobaki, mwenye pointi anasimama wapi kwenye mustari? Kila inchi iko na sheria yake, lakini mustari unafanana. Hapa kwetu Kongo, tangu mwaka 2012 tuko ndani ya OHADA, na sheria yake juu ya sosiete zinazoanguka inapanga wadai kwa ngazi. Kuko mishahara ya wafanyakazi, kuko Leta na kodi yake, kuko benki yenye rehani juu ya nyumba na magari. Wasiokuwa na rehani yoyote, waavoka wanawaita kwa Kifaransa chirographaires, wanangojea nyuma. Mwenye kuleta mafuta ya kupika bila kulipwa yuko pale nyuma, na yeye angalau iko na fakture. Mwenye pointi 1,540 iko na mesaji ndani ya telefone. Na mara nyingi masharti yenyewe ya pointi yanasema, kwa maandishi madogo, kwamba pointi hazina samani ya feza na duka linaweza kubadilisha kanuni wakati wowote.

Kama ni matabishi tu yamepotea, tutasema pole na maisha yanaendelea. Kama ni mone yako, ni feza yako imezikwa na duka.

Kwa nini M-Pesa si kitu kimoja na hii

Pale kwenye kesi nilichanganya vitu viwili, na nadhani si mimi peke yangu. Juu ya kioo cha telefone vinafanana: nimero, mesaji, hesabu inayopanda na kushuka. Lakini nyuma ya kioo viko mbali sana.

Feza unayoweka ndani ya M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money iko chini ya Benki Kuu ya Kongo. Benki hiyo ilitoa maagizo juu ya feza ya elektroniki mwaka 2011, na mwaka 2018 kukaja sheria juu ya mifumo ya malipo. Musingi wake ni mwepesi kueleza: mwenye kutoa feza ya elektroniki anapaswa kuwa na ruhusa, na kila franka iliyo ndani ya telefone za watu inapaswa kuwa na franka ingine inayolala benki, iliyotengwa na feza za sosiete yenyewe. Ndiyo sababu unaweza kwenda kwa ajenti na kusema: nipe feza yangu. Akikosa noti siku ile, ni shida ya noti. Haki yako haijaondoka. (Juu ya asilimia ambazo maajenti wanakata siku hizi kwa kutoa feza, hayo ni malalamiko mengine, tutayarudilia.)

Pochi ya duka haina mambo hayo. Na hapa kuko kitu cha ajabu kidogo. Katika sheria za inchi nyingi, kitu kinaitwa feza ya elektroniki kama kinakubaliwa na watu wengine zaidi ya yule aliyekitoa. Pointi za duka zinakubaliwa na duka lile tu. Kwa hiyo zinabaki inje ya ulinzi, kwa sababu ileile inayozifanya kuwa zaifu: hauwezi kuzipeleka pahali pengine. Sheria inaziona kama karatasi ya bei ya kupunguza, si kama feza. Na kwa pointi za zawadi, hiyo ni sawa, hakuna anayehitaji Benki Kuu kulinda kiganja cha maharagi. Lakini duka linapoanza kutia mone ya watu ndani ya mufuko uleule, linapokea feza za watu na kuzihifazi. Linafanya kazi ya benki bila kuitwa benki, na bila kutenga franka hata moja.

Jirani zetu wa Kenya wanaonyesha namna mupaka huu unavyoweza kusogea. Safaricom inatoa pointi zinazoitwa Bonga tangu mwaka 2007: ukitumia shilingi 10 unapata pointi moja. Miaka mingi zilikuwa za kuchukua dakika za kupiga ama telefone mupya. Mwaka 2020, wakati wa Korona, sosiete iliruhusu watu walipe chakula na dawa kwa pointi, kwa njia ileile ya kulipia na M-Pesa. Kwa muda ule pointi zilitembea kama feza kabisa. Kiisha mwaka 2022 ikatangaza kwamba pointi zilizopita miaka tatu zitafutwa. Watu walikasirika sana, na ni rahisi kuelewa. Ukimuonyesha mutu kwamba kitu kinanunua unga, usimuambie tena kwamba ni zawadi tu.

Dola inapopanda, pointi inalala

Kuko jambo lingine ambalo mutu wa Nairobi hahitaji kulifikiri sana lakini sisi tunaliishi kila siku. Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu na franka 2,000. Mwaka 2024 ilipita 2,800. Bei nyingi katika maduka yetu zinapigwa kwa dola ndani ya kichwa cha mwenye duka, hata kama karatasi ya bei imeandikwa franka. Pointi yangu imefungwa kwa franka: moja kwa moja. Dola ikipanda, sabuni inapanda, pointi inabaki palepale.

Mimi nilitoa dola. Mone yangu ilikuwa nusu dola. Kama wangalinirudishia nusu dola ile kwa noti, ningaliitumia siku ileile kwa kulipa moto. Ndani ya pochi ya duka, inakaa ikipungua, na bei ya kuvunja ni ya duka, si ya kambisti. Tena franka inaweza kupanda nayo, tumeshaona, na siku hiyo pointi itakuwa imepata faida kidogo. Lakini si mimi nilichagua kucheza mchezo huo.

Wazee wa telefone hawahitaji kuelezwa zaidi. Tunakumbuka RAM, ile kodi iliyoanza mwaka 2020, namna inite zilivyokatwa ndani ya telefone mutu akiwa analala, mpaka makelele ya watu na ya wabunge yakafanya iondolewe mwaka 2022. Kilichoumiza wengi hakikuwa tu feza. Ni kuona kwamba kitu ulichoita chako, mutu mwingine anaweza kukipunguza akiwa mbali, bila kugusa mufuko wako.

Nimero yako nayo ni mali

Nitapita haraka hapa, ingawa jambo ni zito. Kwa kupata pointi unatoa nimero, na nimero siku hizi si kitu kidogo. Iko na jina lako nyuma yake, iko na feza zako ndani yake. Kila unaponunua, mashini inaandika: nani, saa ngapi, vitu gani, vya feza ngapi. Huko Ulaya habari hizo ndizo faida kubwa ya karte za pointi, kuliko hata uaminifu wenyewe, kwa sababu zinaonyesha duka nani ananunua nini. Hapa kwetu, katika mji ambao watu wanaogopa kujulikana nani iko na kitu ndani ya nyumba, kaye yenye kuonyesha nani ananunua kartoni tatu za maziwa kila mwisho wa mwezi si kaye ya kuacha wazi. Na waongo wa telefone, wale wa «nimekutumia feza kwa makosa, nirudishie», wangalifurahi kupata orodha kama hiyo.

Inchi iko na kanuni ya mambo ya dijitali tangu Machi 2023, na kanuni hiyo inasema habari za mutu zinalindwa, tena ukubali wake unahitajika. Binti wa kesi hakuniuliza kama nakubali. Aliniuliza nimero. Simulaumu, hakuna aliyemufundisha.

Basi tufanye nini? Kwa hali tuliyo nayo, kuambia mutu aende kulalamika kwa wakubwa ni maneno mepesi. Lakini mwenye duka mwenyewe anaweza kufanya kitu bila kungojea mutu yeyote, na haimugarimu sana: atenganishe mifuko miwili. Mesaji iseme mone yako ni 1,300, pointi zako ni 240. Mone isiishe hata kiisha miaka mia, na siku mutu akija na kusema nataka noti, apewe noti kama ziko. Pointi zinaweza kuwa na muda wake, mradi uandikwe kwenye ukuta kwa maandishi makubwa kama yale ya zawadi. Hata huko Kanada, katika jimbo la Ontario, walipitisha sheria mwaka 2016 ya kukataza pointi zisifutwe kwa sababu ya muda tu kupita. Walikuwa wanalinda zawadi. Sisi hapa tunazungumza juu ya mone.

Nawe mununuzi, kabla ya kutoa nimero, uliza kama unaweza kuchukua kitu kidogo cha bei ya mone ile palepale: chumvi, mushumaa, yai. Ama omba watume kwa M-Pesa, hata kama watakuambia kutuma feza ndogo kunawagarimu. Inawagarimu kweli, lakini kukosa mone ni shida ya yule anayeuzisha.

Mimi nilirudi siku ya tatu. Nilichukua sabuni ya franka 1,500, nikasema nalipa kwa pointi. Binti hakujua namna ya kuzitoa. Kuingiza alifundishwa, kutoa bado. Akaita bosi wake, bosi akafungua mashini, akatafuta, watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Mwishoni mesaji ikaingia. Zimebaki pointi 40.